Paka Aliyefunga Ramadhani

Siku ya sita ya mfungo, Meneja alikataa kula. Abdulmajidi alimwekea dagaa waliochemshwa kwenye kisahani chake cha bati, akagonga ukingo kwa kijiko kama alivyoelekezwa na mkewe. Paka akaja, akanusa, akamtazama usoni, akarudi kulala juu ya magunia ya alizeti. Jioni, adhana ya magharibi ilipolia na Abdulmajidi akafungua kwa tende na kikombe cha uji, Meneja naye aliteremka, akalamba mchuzi mara mbili tatu, akanywa maji mengi, akapanda tena kwenye magunia. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Mchana hagusi kitu, magharibi analamba.

Mtu mwingine angesema paka anaumwa. Lakini Abdulmajidi alikuwa ameuza mafuta ya alizeti mjini Singida kwa miaka thelathini, ana duka mbele, ghala nyuma na nyumba ubavuni, anajua uzito wa gunia kwa kulitupia jicho tu, na alikuwa na imani kubwa mno na jicho lake. Jicho lake lilimwambia kwamba paka amefunga.

Alimwambia rafiki yake Abdulkadiri, muuza vitambaa wa duka la pili, na Abdulkadiri akaja adhuhuri kuhakikisha. Alimsogezea Meneja dagaa kwa mkono wake mwenyewe. Meneja akageuza shingo.

"Majidi, huyu mnyama ana siri," alisema Abdulkadiri kwa sauti ya chini. Akainama karibu na mdomo wa paka, akanusa, akanusa tena. "Na harufu hii? Umeisikia?"

Abdulmajidi alinusa. Kinywa cha Meneja, ambacho siku zote kilinuka dagaa, kilikuwa na harufu tamu, kama papai lililoiva likapitiliza. Wazee wawili wakatazamana. Wote walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba harufu ya kinywa cha aliyefunga ina thamani kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Abdulmajidi alihisi nywele za mikono zikimsimama. Hakujifanya wala hakuigiza; alisema subhanallah mara tatu.

Baada ya hapo watu wakaanza kuja. Walikuja wenye maduka jirani, wakaja wanawake wa mtaani na watoto wao, akaja fundi cherehani ambaye miaka miwili hakuwahi kununua hata kibaba cha mafuta pale. Walisimama mlangoni mwa ghala wakamtazama Meneja amelala, wakashusha sauti kama wako msikitini. Abdulmajidi aliwasimulia kila mmoja upya, na kila aliposimulia, mchuzi ule wa magharibi ulipungua kidogo, mpaka ikawa paka anafungua kwa maji matupu.

Kilichomsumbua kidogo kilikuwa sindano. Meneja alikuwa na sukari. Ziada, mke wa Abdulmajidi, ndiye aliyeigundua, alipoona sisimizi wakijipanga kwenye mchanga aliokojolea paka. Yeye mwenyewe alikuwa na sukari kwa miaka tisa, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Daktari wa mifugo alithibitisha, na tangu hapo wawili hao wakawa wanachomwa insulini kutoka kichupa kimoja, asubuhi na jioni. Ziada alipiga hesabu akaona kwamba dawa anayotumia Meneja kwa wiki mbili, yeye anaimaliza kwa siku moja. Aliicheka hesabu hiyo mara nyingi. Siku moja hakucheka. Alisema, "Baba Radhia, siku sukari itakapomchukua Meneja, ujue na mimi nimeletewa barua."

Ndiyo maana alipoondoka kwenda Dodoma kutibiwa macho, akafikia kwa binti yao Radhia, alimkalisha mumewe kitako. Meneja akila, mchome mstari mmoja wa sindano ya insulini. Asipokula usimchome, sukari itashuka atakufa. Na kila baada ya siku moja mpime mkojo kwa vijiti vya kwenye kopo, uangalie ketoni. Abdulmajidi aliyashika mawili ya kwanza vizuri. Hili la tatu alilisikia kwa sikio moja. Mkojo ni najisi, Ramadhani imeingia, kanzu zake ni mbili, na sala ni tano. Alijiambia atapima baada ya Idi.

Basi paka hakula, naye hakumchoma. Kwa siku nne alifuata agizo la mkewe bila kukosea.

*

Siku ya nne hiyo, baada ya kufuturu, alimpigia Ziada simu. Kila siku walikuwa wakizungumza, na kila siku akiulizwa habari za Meneja alijibu kwamba hajambo, kwa kuwa alitaka jambo likamilike ndipo atoe habari nzima. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, karibu na rundo la mchanga wa ujenzi ambao Meneja aliufanya choo.

"Mama Radhia, nina habari ya kukufurahisha. Meneja amefunga."

"Amefunga nini?"

"Ramadhani. Leo siku ya nne. Mchana hali, magharibi analamba mchuzi. Watu wanakuja kumwona. Mpaka harufu ya kinywa chake imebadilika, imekuwa nzuri."

Alisikia Radhia akiambiwa apunguze televisheni.

"Harufu gani?"

"Tamu. Kama papai lililoiva sana."

"Umemchoma lini mara ya mwisho?"

"Si ulisema asipokula nisimchome?"

"Na mkojo umepima?"

Abdulmajidi aliitazama miguu yake. Mke wake alimjua kwa miaka thelathini na mbili, hakungoja jibu.

"Baba Radhia," alisema polepole, "huyo paka hajafunga. Huyo paka anakufa. Chukua kopo la vijiti, chukua upawa, umfuate. Usikate simu."

Ukitaka kumwona mtu mzima akivuliwa heshima yake yote, mpe upawa umwambie akinge mkojo wa paka. Abdulmajidi alikunja msuli mpaka magotini, akachuchumaa nyuma ya Meneja chini ya taa ya uani, simu ameibana kati ya sikio na bega. Meneja alitembea hatua tatu, akasimama, akayumba. Abdulmajidi akamfuata kwa hatua za bata. Juu ya ukuta kilitokea kichwa cha mpangaji wa jirani, kikatazama, kikarudi chini bila salamu. Mtu anayekusanya mkojo wa paka magharibi hasemwi vizuri, na Abdulmajidi alijua kwamba kesho habari hiyo itakuwa sokoni kabla ya vitunguu. Aliendelea kuchuchumaa. Hatimaye Meneja alichimba mchanga kwa mguu mmoja, kivivu, akainama, na upawa ukapita chini yake.

"Nimepata," alisema.

"Chovya, toa, kung'uta. Hesabu mpaka kumi na tano, usizidishe. Halafu linganisha na rangi za kwenye kopo."

Alihesabu kwa sauti. Kwenye kopo palikuwa na vidirisha sita, cha kwanza kina rangi ya chai ya maziwa, cha mwisho zambarau nzito. Ncha ya kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa alipokichovya. Alipofika tano ilikuwa imeona haya. Alipofika tisa ilikuwa nyekundu ya juisi ya rozela. Alipofika kumi na tano alikiweka kando ya kopo.

"Rangi gani?"

"Ya mwisho," alisema Abdulmajidi. "Imepita hata ya mwisho."

Alikuwa ameshika kipande cha plastiki chembamba kuliko jani la mtama, na kipande hicho kilikuwa kimemwambia jambo ambalo yeye, na Abdulkadiri, na mtaa mzima uliosimama mlangoni ukishusha sauti, hawakuliona kwa siku nne. Alikitazama mpaka kikakauka. Aliogopa, tena aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kumwogopa mtu.

*

Daktari wa mifugo, kijana wa Mtinko aitwaye Gaspari, alisema kwa simu ampe maji kwa bomba la sindano kidogokidogo, yeye atafika asubuhi. Alifika saa moja na nusu, pikipiki yake ina vumbi mpaka kwenye vioo, begi lake limejaa vifaa vya ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ataishi?"

Gaspari alimsogelea paka. Alivuta ngozi ya shingo ya Meneja ikabaki imesimama hivyohivyo. Akamnusa mdomo, akatikisa kichwa. Kisha alitoka nje kumpigia mwalimu wake wa zamani aliyeko Morogoro, akazungumza naye kwa muda mrefu huku akiandika kwenye kiganja. Aliporudi alitundika chupa ya dripu kwenye msumari wa mizani, akachoma sindano chini ya ngozi ya mgongo, na bega la paka likaanza kuvimba maji.

"Mimi nimezoea ndama, mzee, sitakudanganya," alisema. "Lakini maji ni maji. Leo itabidi tumchome insulini hata kama hali, kidogokidogo, na chakula tumpe kwa nguvu, supu na yai na glukosi. Na mkojo upimwe kila akikojoa. Tusipopima tunatembea gizani."

"Mama Radhia aliniambia asipokula nisimchome."

"Alikwambia sawa kwa mlo mmoja. Mlo wa pili ulitakiwa unipigie."

Abdulmajidi akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu jana. Hiyo ketoni ni kitu gani?

Gaspari alifikiri namna ya kusema. "Sukari imejaa kwenye damu yake, mzee, ila bila insulini haiwezi kuingia mwilini. Mwili unaona njaa. Ukiona njaa unayeyusha mafuta yake wenyewe uishi. Hayo mafuta yakiungua kwa wingi yanaacha sumu, ndiyo ketoni. Ndiyo harufu ile mliyokuwa mnaisikia."

Abdulmajidi alitazama mashine yake ya kukamulia alizeti, iliyokuwa kimya pembeni mwa ghala, halafu akamtazama Meneja. Maisha yake yote alikuwa amekamua mafuta akauza, na hakujua kwamba kiumbe hai anaweza kujikamua mwenyewe mpaka abaki shudu. Mbavu za paka zilihesabika. Zilikuwa zimehesabika tangu juzi, na yeye alikuwa ameziita ucha Mungu.

Dripu ilikuwa nusu Abdulkadiri alipoingia akiwa na wazee wawili wa msikitini, wamevaa vizuri, wameletwa kuona ajabu. Walisimama. Waliona chupa, waliona mpira, waliona upawa.

"Amefungua?" aliuliza mzee mmoja.

Abdulmajidi angeweza kusema neno la kujisitiri, na lilimjia mdomoni tayari. Alilimeza. "Hakuwa amefunga," alisema. "Alikuwa anaumwa, nikawaita watu waje kutazama ugonjwa. Kosa ni langu, si la Abdulkadiri."

Wazee waliitikia kwa upole na wakatoka. Abdulkadiri alibaki nyuma kidogo, anachezea kofia, akasema kwamba hata yeye alinusa. Huko nje walisikika wakicheka.

*

Vijiti vilibaki viwili. Abdulmajidi alikwenda kwenye duka la dawa, akapanga foleni nyuma ya watu watano. Binti aliyekuwa akiuza, Stumai, alimjua.

"Shikamoo mzee. Vijiti vya ketoni? Mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka saba."

"Masikini. Mtoto ana kilo ngapi?"

"Tatu na nusu."

Stumai aliinua uso. "Mtoto wa miaka saba, kilo tatu na nusu?"

"Ni paka," alisema Abdulmajidi.

Foleni nzima ilicheka, na mmoja akauliza kama ndiye yule aliyefunga. Alisimama akicheka nao kidogo, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, akalipa, akachukua kopo lake akaliweka kwenye mfuko wa ndani wa koti anamoweka kitambulisho. Njiani alijisikia mdogo, lakini aliharakisha. Meneja alikuwa na kawaida ya kukojoa karibu na alasiri.

Zikaanza siku za upawa. Alitenga msuli mkuukuu wa kazi hiyo, akawa anavua na kuvaa, anaoga na kutawadha, mara tano, mara sita kwa siku, mpaka viganja vikakauka. Alimlisha supu ya samaki kwa bomba, tone kwa tone, na nusu ya tone ilirudi ikamchafua ndevu. Sindano ya kwanza tangu siku zile nne aliichoma kwa hofu, amefumba macho. Ya pili alifumbua jicho moja. Ya tatu aliusoma mstari kwanza, akauinua kwenye mwanga, akausoma tena, akachoma, na paka hakushtuka.

Rangi alikuwa anaziandika nyuma ya kalenda, kwa majina yake mwenyewe. Zambarau. Zambarau. Rozela nzito. Siku ya pili asubuhi ilirudi zambarau, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa akasahau adhuhuri imeingia. Alimwogopa Mungu, alimwogopa Ziada, na alimwogopa Ziada zaidi, jambo ambalo aliliombea msamaha. Gaspari kwa simu akamwongezea maji na robo ya mstari. Jioni ikawa rozela. Usiku wa siku hiyo Meneja alikataa bomba, akalishika kwa meno akalitupa, akaenda mwenyewe kwenye kisahani akala dagaa mmoja. Mmoja tu, na kichwa akakiacha. Abdulmajidi alimtazama akitafuna kama mtu anayemtazama mwanawe akisoma barua kwa mara ya kwanza.

Asubuhi alihesabu mpaka kumi na tano na kijiti kikasimama kwenye waridi hafifu. Uani kulikuwa na upepo, kuku wa jirani walikuwa wanaparua, na yeye alikuwa mzee wa miaka sitini na tatu anayenuka mkojo. Lakini aliishika ile rangi mbele ya macho yake, asijue aiweke wapi. Ndani ya tumbo la paka, gizani, pasipofika jicho la mtu, kitu kilikuwa kimegeuka usiku kikaanza kurudi nyuma, na habari yake imefika mpaka mkononi mwake ikiwa na rangi ya ua. Kwa siku zile nne za muujiza alikuwa ameita watu. Asubuhi hii hakumwita mtu. Aliona kwamba akisema neno ataliharibu. Alilia kidogo, akapangusa uso kwa bega kwa kuwa mikono haikuwa safi.

*

Ziada alirudi Alhamisi kwa basi la mchana, miwani nyeusi usoni, Radhia amemshika mkono mpaka mlangoni kisha akawahi kurudi na basi la jioni kwa ajili ya kazi. Hakuuliza habari za safari wala za duka. Alikaa kwenye mkeka ghalani, akanyoosha mikono, na Abdulmajidi akamwekea Meneja mapajani. Alimpapasa mbavu, mgongo, akavuta ngozi ya shingo ikarudi. Akainama akanusa kinywa chake.

"Ananuka dagaa," alisema.

Abdulmajidi alileta kalenda, akageuza nyuma. Alikuwa ameingojea saa hii. "Soma. Nimeandika zote, hata ile mbaya. Na hiki ni kijiti cha leo, tazama, chai ya maziwa kabisa."

Ziada alichukua kijiti. Alikipeleka kwenye mwanga wa mlango, akakisogeza karibu na miwani, akakiweka mbali. Kisha alikiweka juu ya mkeka.

"Sioni rangi, Baba Radhia."

"Ni macho bado. Si wamekuchoma juzi tu?"

"Sijaziona tangu Rajabu. Naona kijiti, rangi sizioni. Huyu paka nilikuwa nampima kwa kubahatisha." Alimpapasa Meneja. "Na mimi mwenyewe pia. Najichoma kwa kupima sindano kwa kidole."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia vipi? Ulikuwa hutaki hata kuliona hilo kopo."

Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilimwingia Abdulmajidi. Miezi miwili mke wake alikuwa anatembea gizani humu ndani, hatua kumi kutoka kwenye mizani yake, na jicho lake lililoona kila gunia halikuona.

Alisimama, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha plastiki.

"Nenda kakojoe," alisema.

"Majidi." Hakuwa amemwita jina hilo tangu Radhia azaliwe. "Wewe na mkojo wangu?"

"Nimeshakimbizana na wa paka. Wako si utatulia?"

Ziada alicheka, halafu akaona haya, halafu akashika ukuta akaenda. Alirudi ameficha kikombe kwa upande wa kanga. Abdulmajidi alikunja mikono ya kanzu yake safi, ile ya sala, akapiga magoti, akachovya, akatoa, akakung'uta. Alianza kuhesabu. Ziada alikuwa amemkumbatia Meneja, uso ameuelekeza kwenye sauti. Alipofika tano ncha ilikuwa chai ya maziwa. Alipofika tisa aliona kitu kama haya kinapita, akabana meno, akahesabu bila kuharakisha. Kumi na mbili. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Alikilinganisha na vidirisha vya kopo, akakigeuzia mlangoni, akalinganisha tena.

"Rangi gani? Usinidanganye."

"Waridi," alisema Abdulmajidi. "Hafifu. Kidirisha cha pili."

"Si cha kwanza?"

"Si cha kwanza. Ila hiyo naijua, najua inavyorudi." Alikuwa ameshika simu tayari, anatafuta namba ya daktari wa Ziada, na mkono wa pili ulikuwa umemshika mkewe kifundo cha mguu bila yeye mwenyewe kufahamu. "Kunywa maji kwanza, mgonjwa ana ruhusa. Halafu niletee sindano, nikusomee mistari."